Kabla hamjatuambia Node imekufa, semeni programu itakaa wapi

Mhariri,

Nimesoma ile makala ya ukurasa wenu wa teknolojia iliyosema zama za Node.js zimeisha na kila anayeandika JavaScript, ile lugha ya programu, ahamie Bun (zote mbili, na Deno pia, ni rantaimu, yaani programu inayoendesha JavaScript nje ya brauza), na kwakweli jamaa kaandika vizuri, mchoro wa kasi upo, nguzo ya Bun ndefu, ya Node fupi, Deno katikati, basi mjadala umefungwa. Mi JavaScript ndo kazi inayonilisha na sina ugomvi na Bun, naitumia. Ugomvi wangu ni na ule mchoro. Umepima programu inayopokea ombi na kurudisha neno moja tu, haigusi database, haisomi faili, haimuulizi mtu nywila. Programu ya namna hiyo sijawahi kuona mteja anailipia.

Kuna kitu makala ilikiruka nacho ndo kinaamua kila kitu. JavaScript yenyewe kama lugha ni maskini sana. Brendan Eich aliiandika kwa siku 10 mwezi Mei 1995 pale Netscape ili iishi ndani ya brauza, basi. Haijui kufungua faili, haijui kusikiliza poti ya mtandao, hata console.log ya kuandika neno kwenye skrini ambayo kila mwanafunzi anaanza nayo siku ya kwanza haimo ndani ya lugha, setTimeout ya kuchelewesha kazi nayo haimo, hivyo vyote vinaletwa na hiyo rantaimu tunayobishania. Ndani ya rantaimu kuna injini inayosoma na kuendesha lugha, alafu kuizunguka vimefungwa vitu vya kuongea na diski, mtandao na mfumo endeshi. Ni kama mabasi yetu ya mikoani, chesisi na injini ya Scania, bodi imefungwa na mtu mwingine, we ukipanda unaona viti na tivii unasifia basi kumbe injini ni ileile ya basi la jirani. Node na Deno zote zina injini ya V8 ya Google, ileile iliyomo kwenye Chrome. Bun imechukua JavaScriptCore, ile ya Safari ya Apple. Kwahiyo mtu akikwambia Deno inaipiga Node kwenye hesabu tupu muulize vizuri kapima nini, maana hesabu kotekote inafanywa na V8.

Sasa Node. Ryan Dahl aliitoa 2009, na Novemba mwaka huohuo akasimama Berlin kwenye mkutano wa JSConf kuielezea. Hoja yake ilikuwa nyepesi tu, kwamba seva muda mwingi haifanyi kazi, inasubiri. Inasubiri diski, inasubiri database, inasubiri seva ya mtu mwingine. Basi badala ya kuanzisha thredi (mstari wa kazi) mpya kwa kila ombi, iwe moja inayozunguka, ikishatuma swali kwenye database haikai kusubiri, inashika ombi lingine, jibu likirudi inaendelea ilipoishia. Miaka yote hii hoja hiyo haijaoza.

Chukua mfumo wa kulipia ada ya shule kwa simu, kitu ambacho nusu ya madeveloper wa hapa mjini wamekigusa. Mzazi anabonyeza lipa, seva yako inatuma ombi kwa mtandao wa simu, mtandao unamrushia mzazi kile kidirisha cha kuweka namba ya siri, mzazi anatafuta miwani, anaweka, anakosea, anaweka tena, alafu ndo mtandao unarudisha majibu kwako. Hapo katikati hata Node ikitumia milisekunde mbili na Bun moja nani atajua? Kilichowahi kuninyima usingizi kwenye mfumo wa hivyo ni mtandao fulani kutuma jibu la malipo yaleyale zaidi ya mara moja, muamala mmoja, stakabadhi zilezile, na shule inataka kuona ada imeingia mara moja tu. Dawa yake ni kuweka namba ya muamala iwe ya kipekee kwenye database ili ikija tena igome. Hapo rantaimu haikusaidii kitu, zote zitaandika mara mbili kwa utii mkubwa kabisa.

Kuna sehemu kasi ya Bun ni ya kweli na inaonekana kwa macho, na hiyo mwandishi wenu aliipa sentensi moja tu nikashangaa. Ni kwenye kazi za developer mwenyewe, kushusha pakeji (vipande vya programu vilivyoandikwa na wengine), kuendesha majaribio, kuwasha programu ndogo. Bun imeandikwa kwa lugha ya Zig, aliyeianzisha ni Jarred Sumner, toleo la 1.0 likatoka Septemba 2023, na ukiandika bun install kwenye mradi mkubwa alafu ukaandika npm install, npm ndo chombo cha Node cha kushusha pakeji, kwenye mradi uleule tofauti huhitaji saa kuipima. Na ilivyokuja kufanya kazi vizuri kwenye Windows, toleo la 1.1 Aprili 2024, hapo kwa vijana wa vyuo ndo ikawa na maana, maana wengi wana laptopu za Windows, huwezi kumwambia mtu afute mashine ya nyumbani aweke Linux ili afurahie kasi yako.

Na wale wanaokodi seva ndogo wanajua hii. Una seva ya RAM nusu GB, umeingia kwa mbali kwa SSH usiku, unaandika npm install, mistari inatembea, inasimama, alafu linatokea neno moja tu, Killed. Hakuna maelezo, hakuna namba ya kosa. Linux imeona memori imeisha ikachagua wa kuua ikaichagua npm. Watu wanaenda kununua seva kubwa zaidi kumbe pakeji ungezishusha na kuzijenga kwenye laptopu yako ukapandisha kilichokamilika. Bun na Deno zinakwenda mbali zaidi, zote mbili zina amri ya kufunga programu yako pamoja na rantaimu yenyewe iwe faili moja la kuendesha, deno compile na bun build yenye --compile. Faili linakuwa zito, makumi ya MB, sababu injini nzima imo humo, lakini unaweza kuliweka kwenye flashi ukaenda nalo kwenye zahanati isiyo na intaneti ya kueleweka ukalibofya likawaka. Node nayo imeanza kuwa na njia yake ya kufanya hivyo ila kwa muda mrefu ilikuwa na hatua nyingi, mtu alikuwa anachoka katikati.

Nikisema intaneti ya kueleweka mnakumbuka Jumapili ya 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na Tanzania ikawa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Siku zile developer asiyekuwa na kashe ya pakeji (nakala za zile alizokwisha kuzishusha) kwenye mashine yake alikaa tu anaangalia. Hili kwenye mchoro wa kasi haliwezi kuonekana, ila kwa huku kwetu ni swali halali kabisa la kulinganishia, je hii kitu ukikata intaneti inajenga mradi au haijengi? Node na npm ci yenye --offline inajenga kama kashe ipo. Deno mwanzoni ilikuwa inavuta maktaba kwa anwani za mtandao moja kwa moja ndani ya programu, wazo la kupendeza kwa mtu wa Ulaya, baadae wakaweka utaratibu wa kuziweka ndani ya folda la mradi, na mi naona hapo ndo ikawa chombo cha kazi.

Deno nayo ina hadithi yake. Ni yuleyule Ryan Dahl, 2018 akarudi Berlin kwenye mkutano uleule akaorodhesha vitu 10 anavyovijutia kuhusu Node, alafu akaonyesha kitu kipya. Toleo la 1.0 likatoka Mei 2020, limeandikwa kwa lugha ya Rust. Kubwa ndani yake ni ruhusa. Ukiwasha programu kwa Node, programu ile inarithi haki zako zote, inaweza kusoma funguo zako za SSH, kutuma kitu popote, kufuta folda, na haikuulizi. Ukiwasha ileile kwa Deno inasimama, inakuandikia kwamba programu inaomba kusoma faili fulani, au inaomba kuwasiliana na anwani fulani, na inasubiri ubonyeze y au n. Mara ya kwanza inakera. Alafu siku moja umeongeza maktaba ya kupanga tarehe tu, programu inaanza kuomba ruhusa ya mtandao na unajiuliza tarehe na mtandao wapi na wapi.

Maana wizi upo, sio wa kufikirika. Machi 2016 jamaa mmoja aliondoa pakeji yake inaitwa left-pad, mistari 11 tu, miradi duniani ikagoma kujengwa, ule haukuwa wizi ila ulionyesha tumeegemea nini. Novemba 2018 pakeji ya event-stream ikakutwa na kitu kilichofichwa cha kuwaibia watumiaji wa pochi ya bitcoin ya Copay, aliyekiweka alipewa funguo na mwenye pakeji aliyekuwa amechoka kuitunza bure. Septemba 2025 mtunzaji wa pakeji za chalk na debug akadanganywa kwa barua pepe iliyojifanya imetoka npm, matoleo yenye sumu yakapandishwa, na hizi ni pakeji ambazo we hata kama hujaziita kwa jina zimo tu kwenye mradi wako. Siku chache baadae likaja dude lingine lililobatizwa Shai-Hulud, likiingia kwenye mashine ya developer linatafuta funguo zake alafu linajipandisha lenyewe kwenye pakeji zake nyingine.

Hapa msomaji mjanja ataniwahi, na yuko sahihi, kwamba ile ya chalk ilikuwa imelenga brauza ya mteja kwahiyo ruhusa za Deno kwenye seva zisingeizuia. Sawa. Ila Shai-Hulud lilikuwa linawakia kwenye ile skripti inayojiendesha mara tu pakeji ikishushwa, kabla hujaandika hata mstari mmoja. npm kwa mazoea yake inaziendesha skripti hizo bila kukuuliza. Deno haiziendeshi mpaka uiruhusu, Bun haiziendeshi isipokuwa za pakeji zilizo kwenye orodha ya zinazoaminika. Tofauti hiyo mwandishi wenu hakuigusa hata kidogo na ni kubwa kuliko milisekunde zote za ule mchoro, na wewe mtu wa Node unaweza kuipata leo ukiweka ignore-scripts kwenye mipangilio ya npm, ni mstari mmoja. Na kwa upande wa pili nao wapo wengi wanaoweka Deno alafu kila amri wanaiongezea -A ambayo maana yake ruhusu yote. Hao wamefunga mlango wa chuma na kuacha ufunguo kwenye kitasa, wasituletee habari za usalama.

Ila pia Node hailali. Ushindani umeiamsha. Fetch, amri ya kuita anwani za mtandao, ikaingia toleo la 18, ruhusa zikaanza kama jaribio toleo la 20 mwaka 2023, na siku hizi unaweza kuiendesha faili la TypeScript, yaani JavaScript iliyoongezewa aina za data, moja kwa moja, inaondoa zile aina inaendelea. Deno nayo ikarudi nyuma, taratibu ikaanza kukubali pakeji za npm na package.json, lile faili la orodha yake, ambazo mwanzoni ilizikimbia, na toleo la 2 Oktoba 2024 likaliweka hilo mbele. Zinafanana kila mwaka. Sasa kuna hadi kamati ndani ya Ecma, shirika linaloweka viwango vya JavaScript, inaitwa WinterTC, iliyotangazwa mwanzoni mwa 2025, kazi yake ni kuzifanya rantaimu hizi zielewane kwenye vitu vya msingi ili ukiandika fetch hapa ifanye vilevile kule.

Kilichoniudhi zaidi kwenye makala ni kuona mashindano ni ya watu watatu tu, wakati wasomaji wenu wengi JavaScript inayowagusa haimo hata kwenye hao watatu, iko mfukoni mwao. App nyingi za simu zinatengenezwa kwa React Native, chombo cha kuandikia app kwa JavaScript, na humo inayoendesha JavaScript siku hizi ni Hermes, injini huria ya Facebook iliyotangazwa Julai 2019, na tangu React Native 0.70 mwaka 2022 ndo inakuja yenyewe bila kuichagua. Hermes ingewekwa kwenye mchoro wa hesabu nzito ingetoka mkiani, maana haina ule ufundi wa V8 wa kugeuza programu kuwa lugha ya mashine wakati inaendelea kufanya kazi. Walifanya makusudi. Injini ya kawaida inapokea JavaScript kama maandishi, inayasoma yote, inayaelewa, ndo inaanza, na kazi hiyo inafanyika kwenye simu yako unapofungua app. Hermes inaifanya mapema kwenye kompyuta ya developer, simu inapokea baitikodi, maagizo mafupi ambayo injini inayaelewa moja kwa moja, iliyokwisha tayarishwa. Kwenye simu ya bei kali huoni tofauti, kwenye simu ya Android ya RAM GB 2 ambayo ndo ameshika wakala wa pesa pale kibandani, tofauti ni app kufunguka au mteja kuondoka.

Injini ya QuickJS hivyohivyo. Ni ya Fabrice Bellard, Mfaransa aliyeanzisha programu za FFmpeg na QEMU, akaitoa 2019 pamoja na Charlie Gordon, ndogo mno, kasi yake ya hesabu haifiki hata karibu na V8. Lakini Amazon walipotengeneza LLRT, rantaimu ya kazi fupifupi za huduma yao ya Lambda, wakaitangaza mwanzoni mwa 2024, waliacha V8 wakachukua QuickJS. Kwanini? Programu inayowaka, inafanya kitu kidogo, inakufa, haina muda wa kupashia injini kubwa moto. Wenyewe wanasema bado ni ya majaribio, kwahiyo usiende kuweka mfumo wa benki humo kesho.

Shuka chini tena kuna JerryScript iliyotoka kwa Samsung, inaishi kwenye RAM chini ya KB 64, na Espruino ya Gordon Williams tangu 2012, unaandika JavaScript kwenye kadi ndogo yenye kihisi cha kupima maji kwenye tenki. Hizo sizirefushi, ila mwalimu wa sekondari anayetaka kuwaonyesha watoto kwamba mstari wao unawasha taa ya kweli azitafute.

Na hii ya seva za karibu na mtumiaji, niseme maana inauzwa sana kwa maneno matamu. Kampuni ya Cloudflare walifungua chanzo cha workerd mwaka 2022, ni rantaimu yenye V8 inayobeba programu nyingi za watu tofauti ndani ya mchakato mmoja, na wenyewe wana kituo Mombasa tangu 2015. Mtu wa Tanga akisikia hivyo anaona amepona. Uliza kwanza database iko wapi. Kama iko Frankfurt na ukurasa mmoja unauliza maswali matano yanayofuatana, umesogeza programu karibu na mteja ukaiweka mbali na data, na sasa kila swali linapanda Ulaya na kurudi lenyewe, wakati programu ingekaa Frankfurt hukohuko ingekuwa safari moja tu. Kwa kurasa zisizogusa database ni kitu kizuri sana, kwa mfumo wa SACCOS ni kujitafutia lawama.

Kuhusu uhuria wenyewe, Node, Deno, Bun na Hermes zote ziko kwenye leseni ya MIT, workerd na LLRT ni Apache 2.0, kwahiyo kwenye karatasi zote ziko sawa, chukua, soma, badilisha. Kwenye maisha haziko sawa. Desemba 2014 watunzaji wa Node walichoka na kampuni iliyokuwa inaishikilia, wakachukua chanzo chote wakaanzisha io.js pembeni, na Septemba 2015 pande mbili zikaungana tena kwenye Node 4, mradi ukawa chini ya taasisi ambayo leo ni OpenJS Foundation. Leseni ndo iliwapa ubavu huo. Deno na Bun zimekulia ndani ya kampuni za wawekezaji, sisemi ni vibaya, ila mfumo wa hospitali unaotakiwa kuishi miaka kumi unauliza nani ataziba tundu mwaka wa saba, na hilo Node imeshaonyesha namna inavyolijibu, matoleo ya muda mrefu yanatunzwa kwa miezi 30 na tarehe ya mwisho inatangazwa mapema.

Ombi langu kwa mwandishi wenu, akirudia kulinganisha achukue seva ya kukodi ya RAM GB 1, aweke database ya PostgreSQL humohumo, aendeshe kitu kinachoandika na kusoma, alafu azime intaneti ya laptopu yake ajaribu kujenga upya. Mchoro wa hapo nitaukata niubandike ukutani. Na wale wasomaji wenye mifumo inayofanya kazi sasa hivi, ingieni kwenye seva zenu muandike node -v. Ikirudisha 18, matengenezo yake yaliisha Aprili 2025 na hapo kazi ya kwanza ni kupanda toleo, Bun mtaijadili baadae.

Msomaji wenu, mtengeneza mifumo,
Dar es Salaam